Merikebu Iondoayo Miiba ya Bahari

Ndugu msomaji, ikitajwa manowari, kitu cha kwanza kinachotujia akilini sisi watu wa pwani ni mizinga. Wazee wetu walisimuliana habari za mwezi wa Agosti mwaka 1896, siku manowari za Kiingereza zilipoipiga nyumba ya mfalme pale Unguja kwa muda usiotimia saa moja, na tangu siku hiyo neno hilo halikuacha kunuka baruti. Kwa hivyo huenda ukastaajabu nikikwambia kuwa leo nakusudia kuisifu manowari, tena ya Waingereza hao hao. Lakini hiyo ninayotaka kuisifu haikuundwa ili impige mtu. Iliundwa itangulie mbele ya watu, taratibu, ikiondoa kilichotegwa na wengine. Jina lake ni Wilton, na kazi yake ilikuwa kusaka mabomu ya bahari.

Mimi nilikuwa karani wa shehena bandarini Kilindini, na kwa watu wa kazi yangu habari za merikebu ndizo zilizokuwa mkate wetu. Nimezijua merikebu kubwa kubwa kwa majina na kwa rangi za dohani zao. Wilton sikupata kuiona kwa macho, wala haikuwa na haja ya kuja kwetu. Hata hivyo, nikihesabu vyombo vilivyotia baraka katika maisha yetu bila ya sisi kujua, hicho nakiweka mbele.

Kwanza na tumjue adui. Bomu la bahari ni chombo kilichojazwa baruti kali, kikatupwa majini, kikaachwa. Yako yanayoelea chini kidogo ya uso wa maji, yamefungwa kwa mnyororo na nanga, na mwili wake umetoka pembe pembe. Merikebu ikigusa pembe moja tu, limekwisha pasuka. Na yako yanayolala chini kabisa mchangani, kimya, yasingoje kuguswa. Hayo husikiliza. Moja husikiliza sumaku iliyomo katika chuma cha merikebu, jingine mngurumo wa mitambo yake, jingine namna uzito wa maji unavyobadilika chombo kikipita juu. Na mengine hutiwa hesabu: huiacha merikebu ya kwanza ipite, na ya pili, na ya tatu, hata watu waseme njia ni salama, kisha ndipo yakapasuka kwa ile iliyokuja nyuma haina habari.

Aliyelitega huwa amemkusudia adui yake. Lakini bomu lenyewe halijui adui wala rafiki, halijui manowari wala jahazi la mchele. Na vita vikisha, wakubwa wakapeana mikono na kutia saini, lile bomu kule chini halipati habari ya suluhu. Litaendelea kungoja mwezi na mwaka, na pengine miaka.

Siri ya mabomu ya sumaku ilifunuliwa matopeni. Usiku wa tarehe 22 Novemba 1939, ndege ya Wajerumani iliangusha bomu kwa mwavuli katika mdomo wa mto Thames, likaanguka karibu na Shoeburyness, mahali ambapo maji yakitoka hubakia tope tupu. Kwa majuma kadhaa merikebu za Uingereza zilikuwa zikipasuka katika njia zilizokwisha kufagiliwa, na hakuna aliyejua kwa yakini sababu yake. Siku ya pili yake ofisa mmoja wa baharini, John Ouvry, pamoja na msaidizi wake Baldwin, walikwenda kwa miguu juu ya tope hilo, wakiwa na vyombo vya shaba nyeupe visivyovutwa na sumaku, wakalifungua kipande kwa kipande. Wenzao wawili waliwekwa mbali kidogo waandike kila hatua, ili mambo yakiharibika, atakayekuja baadaye ajue wenzake walifika wapi. Hayakuharibika. Kwa kazi ya mchana mmoja ilijulikana bomu linavyosikiliza, na wataalamu wakatafuta njia ya kuizungushia merikebu nyaya za umeme ili kuififiza sumaku yake. Ni mabaharia wangapi waliorudi makwao kwa ajili ya mchana ule, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Hapo ndipo lilipozuka swali jingine. Ikiwa chuma ndicho kinachoamsha bomu, merikebu ya kulisaka bomu itaundwa kwa nini? Kwa muda mrefu jawabu lilikuwa mbao. Baada ya vita vile vikuu Waingereza waliunda kundi kubwa la merikebu ndogo za mbao, zaidi ya 100, ambazo kazi yake ilikuwa kufagia na kusaka mabomu. Fundi wa Matondoni angalizipenda, ingawa angalicheka kuona manowari ya dola kubwa imerudi katika mbao kama jahazi lake. Lakini mbao huoza, huliwa na wadudu, na miti mizuri huwa adimu na ghali.

Basi mafundi wa Southampton, katika kiwanda cha Vosper Thornycroft, wakajaribu jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtu kwa manowari yoyote duniani. Walichukua nyuzi za kioo, wakazitandika tabaka juu ya tabaka, wakazigandisha kwa plastiki, wakatoa mwili mzima wa merikebu. Ikashushwa majini mwezi wa Januari 1972, na mwaka 1973 ikaingia kazini. Urefu wake ulikuwa futi 153, na uzito wake tani 450 hivi. Na ili kupunguza gharama, mitambo na vifaa vyake vingi vilitolewa katika merikebu kuukuu iliyokuwa ikivunjwa, iitwayo Derriton. Mwili mpya, matumbo ya zamani. Mabaharia wa manowari kubwa waliifanyia mzaha, wakaifananisha na vile vyombo vya plastiki ambavyo wake zetu huwekea chakula.

Mzaha ni mzaha, lakini nataka tufahamu maana ya umbo lile. Kila manowari nyingine hujivunia ugumu wake: chuma kizito, mizinga mirefu, mitambo yenye kelele. Hii nguvu yake ilikuwa katika kupunguza. Ipunguze chuma, ipunguze kelele, ipunguze mwendo, ili bomu lisijue kama kuna kitu kinachopita. Mwenye kwenda kuondoa shari, jambo la kwanza ni yeye mwenyewe asiwe wa kuiamsha.

Na kazi yenyewe ni ya subira. Kufagia, ambako ndiko kwa zamani, ni kukokota kamba zenye visu na kukata minyororo ya mabomu yanayoelea. Kusaka ni jambo jingine. Merikebu huenda mwendo wa mtu anayetembea, na chini yake kuna chombo kinachopeleka sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Mtu hukaa mbele ya kioo katika chumba chenye giza, akitazama vivuli vya sakafu ya bahari. Huona jiwe, huona pipa, huona nanga iliyokatika miaka mingi, huona mabaki ya mashua. Hana ruhusa ya kusema, "Hili bila shaka ni jiwe," akapita. Kila kinachofanana lazima kikatazamwe. Hapo ndipo mzamiaji huteremka, mara nyingi katika maji ya tope asiyoona ndani yake mkono wake mwenyewe, akapapasa kwa vidole. Likiwa pipa, hupanda juu, ikaandikwa kuwa ni pipa, wakasogea mbele hatua chache. Likiwa bomu, huweka baruti kando yake, akaondoka, likapasuliwa pale pale. Na hivyo hivyo kutwa, na kesho yake, na keshokutwa.

Wakimaliza, hawana cha kuonyesha. Nahodha aliyezamisha adui huhesabiwa alizozamisha. Huyu wa kusaka mabomu atahesabiwa nini? Atahesabiwa merikebu ambazo hazikuzama, na hizo hakuna azijuaye.

Sasa tuje katika jambo lililotugusa sisi. Mwezi wa Juni 1967, vilipozuka vita baina ya Israili na Waarabu, Mfereji wa Suezi ulifungwa. Merikebu 15 zilinaswa humo, 14 katika Ziwa la Chumvi Kubwa na moja katika Ziwa Timsah, zikakaa miaka minane hata mchanga wa jangwa ukazipaka rangi ya manjano. Nilikuwa kijana mpya kazini wakati huo, na naikumbuka vizuri miaka ile. Merikebu za Ulaya zilizokuwa zikitujia kwa njia ya Bahari ya Sham sasa zilizunguka Afrika nzima kwa rasi ya kusini. Shehena zilichelewa, nauli ikapanda, na kila kilichopanda bandarini kilipanda dukani. Marehemu baba alikuwa na duka dogo la vyombo Mji wa Kale, na niliona kwa macho yangu jinsi mteja anavyoshika sufuria, akauliza bei, akairudisha mahali pake bila ya kusema neno. Yule mama aliyerudisha sufuria hakuwa na ugomvi na mtu yeyote huko Sinai.

Baada ya vita vya Oktoba 1973 na mapatano ya Januari 1974, ikaamuliwa mfereji usafishwe. Wakaja Wamarekani, Wafaransa na Waingereza kuwasaidia Wamisri, na Warusi wakashika kazi katika Ghuba ya Suezi. Katika vyombo vya Waingereza alikuwamo yule mchekwa wa plastiki, Wilton, umri wake kazini haujapita mwaka mmoja au zaidi kidogo. Mfereji ulijaa mabaki ya vita: mabomu na makombora yaliyoanguka majini yasipasuke, na mabaki 10 ya vyombo vilivyozamishwa kuziba njia. Yote yalitafutwa kwa namna niliyoeleza, pipa kwa pipa, jiwe kwa jiwe. Mwezi wa Mei 1975, mbili tu kati ya zile 15, Münsterland na Nordwind za Wajerumani, zilifika Hamburg kwa mitambo yao wenyewe. Na tarehe 5 Juni 1975, miaka minane kamili tangu siku ya kufungwa, Rais Anwar Sadat akaufungua mfereji. Zilipigwa picha za rais na bendera na manowari zilizopambwa. Picha ya mzamiaji akipapasa tope sijapata kuiona mpaka leo.

Mwaka 1984 jambo hilo liliingia nyumbani kwetu kabisa. Kakangu mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa baharia katika merikebu ya shehena iliyokuwa ikipita Bahari ya Sham. Mwezi wa Julai zikaanza kuja habari kuwa merikebu zinapasuka katika Ghuba ya Suezi na karibu na Babu-l-Mandab. Leo moja, kesho mbili. Hata ilipofika mwisho zilitajwa 19 zilizopata madhara, za mataifa mbalimbali, ingawa kwa rehema ya Mungu hakuna iliyozama. Na huo ulikuwa msimu wa Hija. Waislamu walikuwa wakikusanyika Jedda kwa bahari na kwa anga.

Mamangu hakujua kusoma ramani. Alichojua ni kuwa mwanawe yuko juu ya maji ambayo chini yake kuna kitu, na kitu hicho hakijui kuwa yeye ana mwana. Kila alasiri alikuwa akiniuliza nikirudi kazini, "Imepita?" Nami sikuwa na jawabu, kwani bandarini tulijua siku merikebu ilipoondoka na siku inapotarajiwa, yaliyo baina ya hizo hatuyajui. Siku kumi na moja alikaa na uradi wake barazani, chakula akikionja tu. Siku ya kumi na mbili ikaja simu kutoka Port Said: wamepita salama.

Walipita kwa sababu wako waliotangulia. Zilikuja tena merikebu za kusaka mabomu: za Waingereza nne, zote za mbao, na za Wafaransa na Wataliano, na helikopta za Wamarekani zikikokota vyombo vya kufagia. Walifanya kazi majuma mengi katika joto la jua la Sham. Waingereza wakapata bomu moja zima, la aina mpya iliyoundwa Urusi, wazamiaji wakalivua meno. Walioshuku waliielekezea kidole merikebu ya Libya iitwayo Ghat, iliyopita mfereji mwezi ule wa Julai, lakini shauri hilo halikukatwa na mahakama yoyote, nami si kadhi. Ninachotaka ukitazame ni hesabu yake. Kutega, mtu mmoja na merikebu moja na siku chache. Kuondoa, mataifa kadhaa, mamia ya watu, na majuma yasiyokwisha.

Mambo ni hayo hayo hata nchi kavu. Katika mtaa wetu walikuwako ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, waliokuwa wakila sinia moja. Siku ya harusi mtu akatupa neno, pengine kwa mzaha, kwamba mkubwa ameficha hati ya shamba la marehemu baba yao. Neno lilizama. Wakaendelea kuamkiana, wakaendelea kuzikana, watu wakasema hakuna kitu. Lilikuwa limetiwa hesabu. Mwaka wa tisa yule mkubwa akafa, na hata matanga hayajaondolewa, watoto wa ndugu hawa wakashikana mashati mbele ya wageni.

Aliyeliondoa ni bibi mmoja wa mtaani, ambaye sote tulimwita Shangazi. Hakupanda jukwaani, wala hakumkemea mtu. Alianza kupita nyumba baada ya nyumba, jioni, na kashata zake katika kikombe, akiuliza swali moja: "Wewe ulilisikia kwa nani?" Akiambiwa, huenda kwa huyo. Mengi aliyoyakuta yalikuwa mapipa matupu. Watu walidhani, waliota, walichanganya. Yeye hakulipuuza hata moja, na hakuliamini hata moja mpaka amelishika. Miezi mitano alikwenda hivyo. Mwisho akamfikia mzee mmoja wa Kisauni aliyekuwa na hati yenyewe sandukuni. Baba yao mwenyewe ndiye aliyeiweka rehani kwake, kwa siri, ili apate fedha za kumtibu mama yao, na wote wawili wakafa kabla ya kusema. Shangazi akawaita watoto wa pande zote mbili, akaiweka hati katikati ya mkeka, akapakua wali. Jina la mtu aliyetupa lile neno harusini alilijua, kwani njia yake yote ilipitia kwake. Hakulitaja, wakati huo wala baadaye, na amekwenda nalo kaburini.

Tangu chuoni tulifunzwa kuwa kuondoa njiani kinachowaudhi watu ni katika tanzu za imani. Wengi wetu tumeifahamu kuwa ni kuokota mwiba au ganda la ndizi, na hayo ni mema. Lakini iko miiba isiyoonekana, ambayo haiokotwi kwa kuinama mara moja. Huhitaji mtu asiye na kelele, asiyekuja na chuma chake mwenyewe, aliye tayari kushuka katika tope na kupapasa, na aliye radhi kurudi nyumbani asipigiwe makofi. Mtu huyo tukimpata katika ukoo wetu tusimdharau kwa kuwa hana sauti. Na tukisikia neno juu ya ndugu, kabla ya kulipitisha tuulize kama alivyouliza Shangazi.

Ama Wilton, ilitumika mpaka miaka ya 1990, na mwishoni ilikuwa ikifundisha vijana wa chuo cha wanamaji. Mwaka 2001 iliuzwa kwa klabu ya watu wa mashua za tanga pale Leigh-on-Sea, mdomoni mwa mto Thames, ikatiwa nanga ikawa baraza yao. Maji yakitoka hukaa juu ya tope, maili chache tu kutoka mahali ambapo Ouvry na Baldwin walipiga magoti mwaka 1939. Watu hukaa ndani yake wakanywa chai na kutazama mashua zikipita. Mwenyezi Mungu awajaalie kheri wote wanaosafisha njia za wenzao, wa baharini na wa mitaani, na atujaalie nasi tuwe miongoni mwao. Amin.